Malkia, Jemedari, Kandake au Mama: Kikundi Chenu Kijiite Nani?

Kila Machi 8, Siku ya Wanawake, inapokaribia, vikundi vya wanawake vya Moshi mjini na vya vijiji vya juu, kuanzia Uru hadi Marangu, huanza kubishana: mwaka huu fulana ziandikwe nini? Mimi nachapa fulana na kudarizi vitambaa, kwa hiyo ubishi huo hunifikia dukani ukiwa umeshaiva. Katibu anataka "Malkia". Mweka hazina anataka "Jemedari". Kuna mama wa kwaya ameona jina zuri kwenye Biblia. Na yupo binti aliyejiunga juzi anayetaka neno la Kiingereza, lakini hilo leo siligusi.

Ushauri wangu huwa mrefu kuliko walivyotegemea, ndiyo maana nauandika hapa. Maneno haya yote yanamsifu mwanamke mwenye nguvu zilizopita kawaida, ila hayasifu nguvu ya aina moja. Lipo linalosema nguvu yake ni ya kumiliki, lipo la kuamuru, lipo la kuthubutu, lipo la kuzaa na kulea. Na yapo yanayosema chinichini kwamba nguvu hiyo si yake, kaiazima kwa mwanamume. Hayo ya mwisho ndiyo yanayouzwa kwa sifa nyingi zaidi, kwa hiyo angalieni kabla hamjalipia wino.

Malkia na Sultana

Malkia ndilo linaloagizwa kuliko yote, hasa tangu msemo wa "malkia wa nguvu" uzoeleke redioni. Ni neno la Kiarabu, malika, lenye mzizi uleule uliotupatia milki, kumiliki na mamlaka. Kwa asili, malkia ni mwanamke mwenye kitu mkononi, kitu ambacho ni chake. Kwa kikundi cha kuweka na kukopa hiyo si sifa ndogo. Huku kwetu kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, kimekwenda kwa watoto wa kiume kizazi baada ya kizazi, na wapo wanawake waliopalilia migomba na kahawa hadi mgongo ukapinda bila jina lao kuandikwa kwenye karatasi yoyote. Mwanamke wa Kibosho anayejiita malkia kwa maana ya mmiliki anasema jambo ambalo babu zake wangelisikia vizuri sana.

Kasoro yake ni kwamba Kiswahili kinawaita malkia wanawake wawili wasiofanana: anayetawala, na mke wa anayetawala. Msomaji wa Biblia anawafahamu wote wawili. Vashti alikuwa malkia, lakini siku alipokataa kuja kuonyeshwa uzuri wake mbele ya wageni wa mfalme Ahasuero, taji liliondoka. Umalkia wake ulikuwa wa ndoa, na ndoa ilipoyumba ukayumba nao. Malkia wa Sheba ni habari nyingine kabisa. Mume hatajwi popote. Anafunga safari na ngamia wake, dhahabu yake na maswali yake magumu, anamhoji Sulemani, anaridhika, anarudi kwake. Ndani ya Kurani, sura ya An-Naml, yupo mwanamke anayewatawala watu wa Saba, ana kiti kikubwa cha enzi, na barua ya Suleiman ikifika anawaita wakuu wake wampe shauri kabla ya kuamua. Waarabu wanamwita Bilqis, Waethiopia wanamwita Makeda.

Kwa hiyo mkichagua Malkia, msiliache peke yake kifuani. Lipeni kitu cha kutawala. "Malkia wa Nguvu" limeshavaliwa na kila mtu. Natamani kuona siku moja kikundi kinakuja na "Malkia wa Kihamba". Hiyo nitaichapa kwa bei ya hasara.

(Wanaouliza kama malaika ni ndugu yake malkia: hapana. Malaika inatoka kwenye mzizi wa kutuma ujumbe. Ni neno la mjumbe, si la mwenye mali.)

Sultana halina wateja wengi, ila lina historia nzuri kuliko linavyodhaniwa. Sultani kwa Kiarabu halikuwa jina la mtu mwanzoni, lilikuwa jina la mamlaka yenyewe. Baadaye ndipo likakaa kichwani mwa mtawala. Razia alitawala Delhi kuanzia 1236 hadi 1240. Shajar al-Durr alishika Misri mwaka 1250, baada ya mumewe kufariki katikati ya vita na jeshi la Louis wa Ufaransa. Mumewe ni sultani, na yeye ndiye aliyeficha kifo chake ili askari wasivunjike moyo. Alipokalia kiti mwenyewe na kupiga sarafu, jina lake la heshima lilimtaja kama mama wa Khalil, mtoto wake aliyekufa angali mdogo. Yaani mwanamke aliyeshika Misri yote aliona jina litakalokubalika haraka zaidi ni la mama wa fulani. Tutalirudia hilo mbele.

Pamoja na hayo, kwa fulana ya Moshi siliungi mkono. Sultani kwa Mtanzania ni Zanzibar kabla ya Januari 1964, na hamtaki kila mnapopita Soko la Mbuyuni mtu awaanzishie mjadala wa siasa. Kati ya haya mawili, Malkia anashinda bila jasho.

Jemedari na Shujaa

Hapa ndipo wateja wangu hukosea hesabu, maana wanadhani jemedari ni shujaa aliyepandishwa cheo.

Jemedari limesafiri. Mwanzo wake ni Uajemi: neno la Kiarabu la kundi la watu, jamaa, likaongezewa "dar" ya Kiajemi yenye maana ya mshikaji. Jemedari ni mshika kundi. "Dar" hiyohiyo ndiyo iliyomo kwenye hawildari. Katika jeshi la India chini ya Waingereza, jemadar alikuwa ofisa wa ngazi ya chini kati ya maofisa wazawa, mtu wa kupokea amri na kuzishusha kwa askari. Lilipofika kwetu, Kiswahili kikampandisha hadi juu kabisa, leo jemedari ni mkuu wa majeshi. Napenda sana safari ya neno hili. Mwanamke aliyeanza kama mjumbe wa nyumba kumi na sasa anasimamia kata nzima anaweza kulivaa bila aibu.

Ila ni neno la mtu mmoja. Kundi haliwezi kuwa na majemedari ishirini, nani atabeba maji? Likae kwenye cheti, kwenye ngao, kwenye khanga ya mama mmoja anayestaafu uenyekiti. Msilitie kwenye fulana za wote.

Shujaa ni la wote. Ni la Kiarabu nalo, kutoka ushujaa wa moyo, na halisemi lolote kuhusu mali, ukoo wala cheo. Linasema tu kwamba hatari ilikuja na huyu hakukimbia. Kule Uarabuni mwanamke huongezewa kiishio chake. Kiswahili kimeacha kiishio hicho bandarini. Shujaa ni shujaa, na wingi wake ni mashujaa. Tunapoadhimisha Siku ya Mashujaa kila Julai 25, hakuna anayehitaji kusema "na mashujaa wa kike". Nkomanile, mwanamke aliyenyongwa na Wajerumani pale Songea mwaka 1906 pamoja na viongozi wa Kingoni wakati wa vita vya Majimaji, yumo ndani ya neno hilo kama walivyomo wanaume aliouawa nao.

Hapo ndipo nguvu ya lugha yetu ilipo kwenye jambo hili, na ni vigumu kumweleza mgeni. Machi 19, 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa, hatukulazimika kutunga neno. Alikuwa Rais, neno la Kiarabu linalotokana na kichwa. Alikuwa Amiri Jeshi Mkuu. Kwa Kiarabu amiri akiwa mwanamke anageuka amira, na Amira tunaye mtaani, ni jina zuri la binti. Sisi cheo tulikichukua bila kukitahiri, kikamkaa mwanamke kama kilivyowakaa wanaume watano waliotangulia. Mtu anayehangaika kutafuta neno maalumu la mwanamke mwenye nguvu ajiulize kwanza kama neno la kawaida halitoshi. Mara nyingi linatosha.

Kandake na Amazoni

Hili la Kandake ndilo la mama wa kwaya, na mimi ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo mnisamehe nikikaa hapa.

Wengi wanalijua kutoka Matendo ya Mitume sura ya 8: towashi wa Kushi, msimamizi wa hazina ya Kandake, amekaa garini anasoma nabii Isaya, Filipo anamkimbilia. Ukisoma haraka unadhani Kandake ni jina la mama huyo, kama Rehema au Neema. Si jina, ni cheo. Huko Kushi, ufalme uliokuwa na makao yake Meroe katika Sudan ya leo, kandake kilikuwa cheo cha mwanamke wa juu kabisa katika nyumba ya kifalme, mama au dada wa mfalme, na baadhi yao walitawala wenyewe. Kwa hiyo walikuwapo makandake wengi, kizazi kwa kizazi.

Mmoja wao alipigana na Roma. Katika miaka ya 20 kabla ya Kristo, jeshi la Kushi lilipanda hadi Aswan na kuzivunja sanamu za Kaisari Augusto. Wanahistoria wengi wanamtaja Amanirenas kuwa ndiye aliyeongoza upande wa Kushi. Warumi walijibu kwa ukali, wakaufikia na kuuteketeza mji wa Napata. Lakini mwisho wa mambo wajumbe wa Kushi walikwenda hadi kisiwa cha Samos kuonana na Augusto mwenyewe, na wakarudi na makubaliano ya kutolipa kodi. Mwaka 1910 wachimbaji wa mambo ya kale walikikuta Meroe kichwa cha shaba cha Augusto, macho yake ya kioo bado yapo, kimezikwa chini ya ngazi za jengo la ibada. Kila aliyepanda ngazi zile alimkanyaga Kaisari. Kichwa hicho kipo London, katika British Museum.

Mgiriki Strabo aliyeandika habari za vita hivyo alimweleza Kandake kuwa mwanamke wa kiume, mwenye jicho moja. Shikeni hayo maneno "wa kiume", nayo yatarudi.

Neno halikufia kwenye vitabu. Mwaka 2019, Wasudani walipoingia barabarani kumwondoa Omar al-Bashir, wanawake waliokuwa mstari wa mbele waliitwa kandaka. Picha ya Alaa Salah, kavaa thobe jeupe, amesimama juu ya gari Khartoum kidole kikiwa angani, ilizunguka dunia nzima mwezi Aprili mwaka ule. Zaidi ya miaka elfu mbili, na cheo bado kinafanya kazi yake.

Kwa kikundi cha kanisani, Kandake halina mpinzani. Limo kwenye Maandiko, ni la Afrika, halijachujuka kwa kuvaliwa ovyo, na towashi yule alikuwa mweka hazina wake, jambo ambalo kikoba chochote kitalifurahia. Kasoro ni moja: mtaani mtaulizwa maana yake. Kama mnapenda kuulizwa, chukueni.

Amazoni lina umaarufu mkubwa zaidi na msingi mbovu zaidi. Wagiriki waliwasimulia Amazoni kama taifa la wanawake wapiganaji kando ya Bahari Nyeusi, na wakalitafsiri jina kwa Kigiriki kuwa "wasio na titi", wakidai walikata titi la kulia ili lisizuie upinde. Wachoraji wao wenyewe hawakuiamini hadithi hiyo, maana kwenye vyungu vya Kigiriki Amazoni wanachorwa wakiwa kamili. Wataalamu wa leo wanaona jina hilo halikuwa la Kigiriki, huenda lina mizizi katika lugha za Kiirani. Kilichothibitika ni makaburi ya nyika za Ukraine na kusini mwa Urusi, ambako wanawake wamekutwa wamezikwa na mishale na mikuki yao. Wapiganaji walikuwapo. Kisu cha kukata titi ndicho cha kutungwa.

Kisha jina likaanza kugawiwa kwa watu wengine. Mwaka 1542 Wahispania wa Francisco de Orellana walipopita kwenye mto mkubwa wa Amerika ya Kusini, walisimulia kwamba wamepigana na wanawake, na mto ukaitwa Amazon. Wazungu walipokutana na jeshi la wanawake la Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin, wakawaita Amazoni pia. Wafon, wenyeji wa Dahomey, walikuwa wakiwaita Mino, yaani mama zetu. Wale askari waliowatoa jasho Wafaransa katika vita vya miaka ya 1890, waliobeba bunduki na mapanga, kwa watu wao walikuwa mama zetu.

Na siku hizi ukiandika Amazoni kifuani, watu wanaona mto au wanaona duka la mtandaoni. Kandake, mara kumi.

Yale ambayo nawasihi muyaache

Jikedume. Kila mwaka yupo anayelileta akidhani ni sifa. Litazameni lilivyoungwa: jike, kisha dume. Linasema huyu mwanamke ana nguvu, lakini nguvu si ya jike, kuna dume limejificha ndani. Warumi walifanya vilevile. Vir kwa Kilatini ni mwanamume, wakaunda virago, mwanamke mwenye tabia ya kiume. Biblia ya Kilatini iliwahi kulitumia kwa heshima kabisa, pale Mwanzo 2 Adamu anapompa mwanamke jina kwa sababu ametoka katika mwanamume. Karne zikapita, virago likashuka bei hadi kuwa mwanamke mgomvi mwenye mdomo. Ni njia ileile aliyopita Strabo na Kandake wake wa jicho moja. Sifa iliyojengwa juu ya mwanaume haikawii kugeuka tusi, na mimi sitaki fulana yangu irudishwe.

Simba jike nalo lina dosari inayofanana, maana jike ni neno la mnyama na mwanamke wa watu haitwi hivyo hata kwa mapenzi. Najua hoja ya upande wa pili: huko Serengeti kazi kubwa ya kuwinda hufanywa na majike. Sawa. Lakini andikeni "Simba" kwenye fulana nyekundu hapa mjini muone kama wanachama wenu wa Yanga wataivaa.

Mwanamke wa chuma ni la kufikiriwa kidogo. Januari 1976 gazeti la jeshi la Kisovyeti, Krasnaya Zvezda, lilimpachika Margaret Thatcher jina hilo kwa nia ya kumkejeli, wakati huo akiwa bado kiongozi wa upinzani Uingereza. Yeye akalipokea, akatamba nalo jukwaani kabla wiki mbili hazijaisha, na tangu hapo limekuwa nishani. Limetumika pia kwa Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia. Lina heshima yake, ila ni la mtu mkali mwenye msimamo mmoja. Kikoba kinaishi kwa kusameheana faini. Hapo chuma cha nini?

Mangi ni kichekesho ninachokipenda. Kikundi cha Old Moshi kiliniuliza kama mwanamke anaweza kuvaa neno hilo. Mangi ni mtawala wa Kichagga. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900 hukohuko Old Moshi, na Thomas Marealle alikuwa Mangi Mkuu katika miaka ya 1950. Lina uzito wa damu. Lakini mkishuka na fulana hiyo Dar es Salaam, mtu atawauliza kilo ya sukari ni shilingi ngapi, kwa sababu kule kila mwenye duka la mtaani ni mangi. Vaeni Moshi, vueni mkifika Chalinze.

Mwana, Siti, Bibi, na Mama

Pwani walikuwa na heshima zao za wanawake kabla ya hizi fulana zetu. Mwana lilikuwa jina la kutangulizwa kwa mwanamke mwenye cheo: masimulizi ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi mwanzoni kabisa mwa mji, Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18, na mshairi Mwana Kupona alikuwa mke wa mtawala wa Siyu. Bara, mwana ni mtoto tu. Ukiliandika, watadhani ni fulana ya shule ya awali.

Siti ni la Kiarabu, bibi yangu, mheshimiwa wangu. Mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, aliitwa Mtumwa utotoni. Kipaji chake kikampa jina la Siti binti Saad, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Kutoka Mtumwa hadi Siti, sijaona kupanda cheo kulikozidi huko. Kwa bahati mbaya siti ya Arusha na Moshi ni ile ya kukalia ndani ya hiace, na konda haoni utani hapo.

Bibi limebadilika mbele ya macho yetu. Lilikuja na maana ya mwanamke mwenye heshima ya nyumba, kwa njia ya Uajemi na India. Bibi Titi Mohamed alizaliwa mwaka 1926, na mwaka 1955 alipopewa kuongoza wanawake wa TANU hakuwa amefika miaka 30. Leo kijana akisikia Bibi anaona mzee wa kuletewa tumbaku. Wakati ule lilikuwa neno la mwanamke kijana aliyesimama kwenye viwanja vya Dar es Salaam na kuwavuta maelfu wachukue kadi za chama. Likirudishwa kwa maana yake ya zamani nitafurahi, ila fulana moja haiwezi kulirudisha peke yake.

Linabaki Mama, na hapa nina maoni yanayogongana.

Kwa upande mmoja, hakuna neno lililobeba wanawake wakubwa wengi kama hili. Mwanamke aliyewainua Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, akizunguka na ngoma ya kifudu na kuwalisha watu kiapo, alizaliwa Mnyazi wa Menza. Tunamjua kwa jina la Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Waingereza wakampeleka mbali, nchi ya Wagusii, akatoroka akarudi kwao. Rudini kwa Shajar al-Durr na sarafu zake, rudini kwa Wafon na mama zao wenye bunduki. Karibu na sisi, Getrude Mongella alipoongoza mkutano wa wanawake wa dunia mwaka 1995 alirudi nyumbani na jina la Mama Beijing, wala hakuna aliyeuliza kama Beijing ni mwanawe. Kwa Kiswahili cha Tanzania, mama ni heshima kabla ya kuwa uzazi. Waziri ni mama, hakimu ni mama, mwenye mgahawa ni mama.

Kwa upande mwingine, keti na kikundi chenyewe uone. Yupo wa miaka 22 asiyetaka kuitwa hivyo bado. Yupo ambaye amehangaika hospitali kwa miaka na neno hilo likiandikwa kifuani kwake linamwuma kila akilivaa, ingawa hatasema mbele ya wenzake. Na Mama lina tabia ya kuongeza kazi: ukishaitwa mama wa kikundi, michango ya misiba, usuluhishi wa ndoa za watu, mtoto wa jirani aliyekosa ada, vyote vinakuja mlangoni kwako. Malkia anaweza kusema hapana. Mama akisema hapana, anajadiliwa wiki nzima.

Kwa hiyo Mama ni neno la kupewa. Kikundi kikimwita mwenyekiti wao mstaafu "Mama Yetu" kwenye khanga, ni zawadi isiyo na bei. Kikundi kikijiita chenyewe hivyo, kwa maoni yangu kinajitwisha.

Nikiulizwa na kikundi kipi, najibu nini

Kikoba au kikundi cha biashara kinachokwenda kusajiliwa ili kiombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake: chukueni Mashujaa, pamoja na jina la mahali penu. Mashujaa Kiboriloni, Mashujaa Tengeru. Halimtengi kijana wala mzee, mwenye mtoto wala asiye naye, na ofisa maendeleo wa kata hatahitaji maelezo. Ulizeni kwanza kama kata ya jirani haijalichukua, maana ni neno linalopendwa.

Saluni, mafundi cherehani, wauza vitenge, mtu yeyote ambaye biashara yake inauzwa na umaridadi pia: Malkia, likiwa na kitu nyuma yake. Kwaya na jumuiya za kanisani: Kandake, na mwalimu wa kwaya asimulie sura ya 8 siku ya kuzindua sare. Wanawake wapagazi na waongoza wageni mlimani wamenipa kichwa kuwaza, kwa sababu wanabeba mzigo na kuamuru kwa wakati mmoja. Kwao Mashujaa linafaa, lakini kiongozi wa msafara ningemwandikia Jemedari peke yake, mgongoni, kwa herufi kubwa.

Tuzo ya mtu mmoja: Jemedari kama aliongoza, Shujaa kama alithubutu, Mama kama alibeba wengine. Msichanganye matatu kwenye ngao moja, inasomeka kama tangazo la msiba.

Mambo ya kiufundi kidogo. Wingi wa malkia ni malkia, wengine husema mamalkia, lakini kwenye kitambaa lile fupi linakaa vizuri zaidi. Shujaa lina a mbili mwishoni, na nusu ya oda huja na moja. Kandake huanza na K. Kwenye vitabu vya Kiingereza mtalikuta na C, msilinakili huko. Jemedari ni refu, likidariziwa kwenye mfuko wa shati herufi zinabanana, kwa hiyo liwekeni mgongoni au kwenye kofia pana. Oda za Machi nazifunga katikati ya Februari, na kikundi kinachobadilisha jina baada ya fremu kukatwa kinalipia fremu mpya.